Nafasi Iliyo Wazi Iringa

Ilomba, Mbeya
Tarehe 8 Julai, 1957

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta na afya, na kwamba kifua hakikusumbui katika baridi hii. Mimi ni mzima, na baba ni mzima. Uliniagiza nitazame tu, nisiulize, kisha nikuandikie. Naahidi kukueleza yote, hata yale yatakayonipunguzia sifa machoni pako. Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe polepole. Tafadhali usimpe mwalimu Abrahamu akusomee, maana mengine humu ni yako peke yako.

Basi letu liliharibika karibu na Rujewa, tukalala penye mashine ya kukoboa mpunga, na mama mmoja Msangu akanipa maziwa mgando. Kwa hiyo nilifika Mbeya nikiwa nimechelewa siku nzima. Baba alikuwa kituoni tangu jana yake. Aliponiona alichukua sanduku langu akatangulia mbele, nami nikaona mabega yake yanatetemeka, nikajifanya ninatazama milima.

Sasa nianze na lile linalokukosesha usingizi. Dereva Liberatus alileta maneno Kilolo kwamba baba ana mwanamke wa pwani, na kwamba ndiyo sababu hakuja Krismasi. Ni kweli, mama, mwanamke yupo. Jioni ile ile aliingia na sufuria ya wali bila kupiga hodi. Anaitwa Bi Mwanakhamisi. Lakini ni mzee kuliko bibi yetu, meno ya mbele hana, na anawapikia wanaume wote wa nyumba hizi wasio na wake hapa, kwa malipo ya mwezi. Alinitazama mara moja tu akajua ninawaza nini. Akaniambia, "Kamwambie mama yako mumewe namlisha tu. Kumtaka simtaki. Mwanamume gani ananuka hela za watu?"

Baba alicheka, lakini Bi Mwanakhamisi hakusingizia. Mikono ya baba inanuka shaba, kwa sababu yeye ndiye anayebeba mifuko ya sarafu kila asubuhi kutoka chumba cha chuma cha benki na kuirudisha kila mchana. Noti nazo zina harufu zake. Za Wasangu waliouza ng'ombe zinanuka samli, na zile zilizofukiwa chini ndani ya chungu zinanuka udongo wa mvua. Baba hunawa kwa majivu na ndimu kabla ya kula, ila harufu haiondoki. Nilikuwa siijui, mama. Kwetu huja amekwisha pumzika. Nilikuwa sijui pia kwamba hukohoa kidogo anapoamka, wala kwamba hunywa chai akiwa amesimama. Mambo madogo kama haya mtoto wa jirani huyajua ya baba yake bila kusafiri.

Jumamosi baba aliniombea ruhusa kwa Bwana Meneja nikae kwenye benchi karibu na mlango. Ndani ya benki watu hunong'ona kama kanisani kabla ya ibada. Keshia, ambaye ni Mhindi, hukaa nyuma ya kaunta. Baba husimama upande wa watu, katika koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba, akigeuza maneno ya Wasafwa, Wanyakyusa na Wasangu yawe Kiswahili, na ya keshia akiyarudisha kwao. Meneja amekataza salamu ndefu, kwa kuwa zinachelewesha kazi. Lakini Mnyakyusa hawezi kuulizwa shida yake kabla hajaulizwa habari za nyumbani, basi baba huuliza haraka haraka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeombea chakula kinachopoa.

Siku hiyo alikuja mama mmoja kijana kutoka upande wa Tukuyu, na mtoto mgongoni, ameshika kitabu chake cha akiba. Keshia akamwuliza jina. Akasema Damari. Akamwuliza jina la pili, lile la ukoo wa mumewe lililoandikwa kitabuni. Yule mama akanyamaza. Baba akamgeuzia swali kwa Kinyakyusa, akanyamaza. Baba akadhani ana haya, akamhimiza mara ya pili na ya tatu, na sauti ikampanda. Keshia akakifunga kitabu akasema huenda ni cha wizi. Machozi yakaanza kumtoka yule mama. Ndipo mzee mmoja nyuma kwenye mstari akasema, kwa Kiswahili ili wote tusikie, "Wewe Mnyalukolo, unamlazimisha mtoto wa watu amtaje baba mkwe wake? Ninyi Wahehe mmelelewa na nani?"

Watu wakacheka, hata benki ikasahau kunong'ona. Unajua, mama, kwa Wanyakyusa mke hawezi kulitamka jina la baba mkwe, wala kukutana naye njiani. Baba analijua hilo tangu zamani. Alivua kofia yake, akamwomba yule mama radhi, akamwomba na mzee. Kisha akamwambia keshia ayataje majina kadhaa, na mama aitikie kwa kichwa. Keshia akataja la kwanza, la pili, na lilipofika lile lenyewe, yule mama akageuza uso ukutani huku akiitikia. Akatia dole gumba, alama zikalingana, akapewa fedha zake. Akitoka alimpigia baba magoti kidogo, na yule mzee akamwambia baba kwamba akiendelea hivyo watampa shamba la migomba awe mtu wao.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza baba ilikuwaje akasahau. Alijibu kwamba ndani ya koti la benki mtu husahau mengi, na kwamba wale wanaosimama kwenye mstari ndio humkumbusha.

Sasa, mama, ninaungama. Jana Jumapili, tulipotoka kanisani kwa Wamoravian, tuliketi juani nyuma ya nyumba, nami nikavunja agizo lako. Nilimwuliza baba waziwazi kama ana mke mwingine. Sijawahi kumwuliza mzazi neno kama hilo. Alicheka mpaka akafuta macho. Halafu kicheko kikamwisha.

Ndipo akaniambia. Kila mwaka ameiomba benki imhamishie Iringa awe karibu nasi. Mwezi wa Desemba, alipokuwa anafunga mzigo wa Krismasi, meneja alimwita akamwambia katikati ya mwaka huu nafasi itapatikana katika tawi la Iringa. Lakini si kazi hii. Wahehe wako tele kule, na hawahitaji mtu wa kuwageuzia Wanyakyusa maneno. Wanataka mlinzi wa usiku, wa kukaa nje ya mlango na rungu. Mshahara nao utapungua. Alifungua mzigo, akabaki. Alisema hakuweza kuja Krismasi akiwa na habari ile mdomoni, kwa kuwa Kilolo nzima humwita Bwana Benki, na wewe hutembea naye kwenda kanisani ukiwa umeinua kichwa.

Nikamwuliza kwa nini hakukuandikia. Akasema, "Mama yako amengoja miaka yote hii arudi mtu mkubwa. Nimwambie amengoja mlinzi?"

Nilifikiri juu ya wale watu kwenye mstari wanaomcheka na kumpenda, nikaona kwamba kuja kwake nako kutamgharimu, maana mlangoni usiku hakuna wa kumsalimu. Tena nilifikiri kwamba mlinzi wa usiku hupata mapumziko yake kama watu wengine, na kutoka Iringa mpaka kwetu lori hufika siku ile ile. Mimi natamani aje. Nisamehe kwa kusema hivyo kabla yako. Natamani kumkuta nyumbani nikifunga shule, bila kuhesabu miezi. Lakini nimeona pia kwamba hatakuja kwa ajili ya kutamani kwangu. Anaogopa macho yako, si ya Kilolo.

Baba hakunituma kuandika haya. Nilipomwomba ruhusa hakusema ndiyo wala hapana, alininunulia stempu tu. Anapaswa kumjibu meneja kabla mwezi huu haujaisha. Asipojibu, nafasi atapewa mwingine, naye hataomba tena.

Nisalimie bibi, mwambie blanketi aliloniagiza nimelipata. Nisalimie Rozalia na mdogo wetu Kasian, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze, mama. Usimkasirikie baba, na mimi ukinikasirikia nitastahili. Mpe jibu lako dereva wa basi la Alhamisi, alilete mwenyewe mkononi mwangu, hata kama ni neno moja tu.

Mama, nimwambie aje?

Mimi mwanao mtiifu,
Lea Kalinga