Nyota Nyekundu na Mwenzake

Liège, 8 Novemba 1992

Mama mupenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na tata. Habari ya mwili? Ule muguu ungali unakusumbua? Mi niko muzima, ila baridi ya huku inanikata masikio.

Unasema batu ba kanisa banakuuliza mutoto wako anasomea nini. Bajibu hivi: anachunga nyota moja. Haina jina, iko na namba tu. Ni jua kama jua letu, inachoma moto wake polepole miaka na miaka, lakini ni ndogo, nyekundu, na mwanga yake hafifu sana. Kwa macho matupu hauwezi kuiona. Balianza kuipiga picha mbele mi nizaliwe. Mu zile picha inaonekana inayumba kidogo, kama mutu mwenye kuvutwa mukono na mwenzake. Profesa anaamini kwiko mwenzake, sayari yenye kuizunguka, pengine babili, benye hatuone. Kazi yangu ni kupima picha moja moja, nijue kama ni kweli.

Mama, tunasikia habari ya Likasi. Ni kweli batu ba Kasai banafukuzwa, banalala ku gare, pale treni inasimama? Tata anasema nini, yeye mwenye bazazi ba Kasai?

Mutoto wako,
Huguette

Kolwezi, 2 Aprili 1993

Huguette mwana wangu,

Tunakusalimu kwa jina la Bwana. Mwili ungali na nguvu. Moyo ndio unauma. Barua hii nimemupa sista mwenye kurudi Ubelgiji.

Mambo ya Likasi yalifika kwetu. Bijana balipita hapa mu mutaa wetu wa Manika muchana, na majani ku kichwa, baliimba kwamba batu ba Kasai ni bilulu, badudu, na kilulu kinafukuzwa mu nyumba. Balivunja mulango wa jirani Mbuyi, balitupa bitu byake yote ku barabara. Tata balimutoa ku kazi. Mutu mwenye kutengeneza umeme ya karakana nzima alirudi na shati yake tu. Sasa tuko ku gare, tunangoja treni pamoja na batu mingi sana. Maji ni machafu. Batoto banahara, banakufa.

Mujomba wako Ngoy alikuja. Aliniambia: «Dada, wewe ni mutu wa Manono, wa hapa Katanga. Hakuna mwenye atakugusa. Rudi mu nyumba yako. Shemeji aende kwao, mambo yakitulia atarudi.»

Nilimuuliza: «Kwao wapi, Ngoy? Si alizaliwa hapa Mutoshi?»

Tata mwenyewe akasema: «Adolphine, sikiliza ndugu yako.»

Niliwakasirikia bote babili. Niliwaambia sikuolewa na nyumba. Ngoy alienda bila kuaga. Kesho yake alirudi na turubai na unga, akatufungia turubai yeye mwenyewe, machozi inamutoka.

Treni ikifika tutapanda. Tunaenda Mwene-Ditu, kule Kasai, kwa kambo yako, mama ya tata, mwenye kurudi kule wakati muzee wake alikufa. Unajua hakunitaka, juu mi si wa kabila yao. Sijui atanipokea namna gani.

Wewe usikuje. Tata anasema: «Amalize masomo.»

Mama yako,
Adolphine

Liège, 20 Juni 1993

Mama, tata,

Salamu nyingi, kama barua hii itawafikia. Naituma ku parokia ya Mwene-Ditu, sina adresi ingine. Mulifika? Muko bazima? Niandikieni hata mustari moja.

Nilitaka kupanda ndege. Nilifunga nguo mu valizi, nikaifungua, juu sijui niende wapi: Kolwezi hamuko, na Mwene-Ditu sijui kama muko.

Mutoto wenu,
Huguette

Liège, 3 Septemba 1993

Mama, tata,

Nawasalimu tena. Hakuna jibu, lakini naendelea kuandika.

Nimemaliza kupima. Nilipima na nyota zingine za mu picha zile zile, na zote zinayumba mwaka moja: ule mwaka kioo ya darubini iliondolewa kusafishwa, ikarudishwa. Ni chombo kilisogea, nyota ilikuwa imetulia. Mwenzake wa kwanza hayuko. Wa pili, siwezi kumukubali wala kumukataa. Nilimupelekea profesa. Alimutafuta yule mwenzake wa nyota maisha yake yote. Alitoa miwani, halafu akasema: «Andika hivyo.» Balinipa diplome.

Kazini naweza kuandika «haijulikani», nikaenda kulala. Juu yenu siwezi.

Huguette wenu

Mwene-Ditu, 14 Novemba 1993

Huguette mwana wangu,

Nakusalimu. Mi niko. Kaa chini kwanza, ndipo usome.

Tata yako hayuko tena. Kuhara kulimushika ku gare, na mu treni hakukuwa maji. Alikufa mbele tufike Kaniama. Treni ilisimama, banaume balichimba kaburi kando ya reli na masahani. Nilitaka kubaki naye pale. Treni ilipiga filimbi tukingali tunasali, bamama benzangu balinibeba, balinipandisha.

Nilifika hapa peke yangu. Kambo yako alikuwa anakaa ku mulango. Macho yake imekwisha, haone tena. Aliuliza: «Mutoto wangu iko wapi?» Nikasema: «Mama, nimemuzika mu njia.»

Batu benye kukaa mu lupango, ndani ya ua ule, baliinuka: «Huyu ni wa Katanga. Ndugu zake ndio balimuua!»

Kambo yako alisimama na fimbo yake. «Huyu aliacha ndugu zake ili mutoto wangu asife peke yake. Ninyi mulikuwa wapi?» Akanyoosha mukono mpaka akapata wangu. «Leta mukeka. Utalala mu chumba yangu.»

Nilianguka mugonjwa miezi mingi. Yeye ndiye alinilisha. Barua zako nimezipata zote leo kwa padri. Ulifanya vizuri kusema kile uliona. Tata angekusifu.

Sasa kuja, mwana wangu. Njia ya Kaniama ni mbaya, na nilimukataza kambo yako. Hasikii. Anasema atapanda treni pamoja nasi, anataka kuweka mukono yake ku ule udongo.

Mama yako,
Adolphine