Juzuu Niliyoirudisha Bila Kuisoma

Baba,

Assalamu alaykum. Huko Likunja mikorosho imeanza kutoa maua, na Shangazi Somoe amepata mtu wa kuipulizia salfa. Mimi nilirudi dukani Nachingwea. Wajukuu zako wazima.

Nina jambo la kukuambia na sitalizungusha. Kwenye hitima ya arobaini yako juzuu za Kurani ziligawiwa, kila mtu yake. Mimi nikapewa ya kumi na nane. Nikakaa mkekani, simu mfukoni mwa kanzu. Ukurasa wa kwanza niliusoma vizuri. Wa pili simu ikatetemeka, nikaichungulia mara moja tu: watu wa kundi letu la biashara wanatumiana video za kuchekesha. Kurudi kwenye maandishi, sikujua nimeishia aya gani. Nikaanza upya. Ikatetemeka tena. Wenzangu walipoanza kufunga juzuu zao, mimi nilikuwa ukurasa wa tatu. Nikafunga na mimi, nikasema nimemaliza. Dua ikaombwa.

Naona aibu, Baba. Macho yako yalipopungua nilikuwa nakusomea gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo, na ukinikamata nimeruka mstari unasema, "Rudi juu, umemwacha mtu." Siku hizi nasoma vichwa vya habari tu, halafu nabishana kijiweni kama vile habari yote naijua. Nikishika kitu kirefu, akili inatoka kabla sijageuza ukurasa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Shangazi kuiomba ile juzuu, niilipe. Nikamweleza yote. Hakushangaa. Siku ile aliniona kutoka mlangoni, kurasa hazigeuki. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri akaisoma yeye, mwanzo hadi mwisho, na ile miwani yake iliyovunjika mkono mmoja. Miezi yote hii hakunisema kwa mtu.

Kwa hiyo hitima yako ilitimia, Baba. Aliyekosekana ni mwanao.

Juzuu ninayo hapa. Jana nilisoma kurasa mbili, simu nikiwa nimemwachia mke wangu, na bado mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Nakuahidi nitaifikisha mwisho mwenyewe. Pumzika, baba yangu. Wewe ulikuwa ukimaliza juzuu kati ya magharibi na isha. Mimi nivumilie mwezi mzima.

Mwanao,
Hamisi