Wimbo wa Kihispania wa Baba Grâce

Jumanne.

Wiki tatu nzima nimeucheza huo wimbo hapa saluni, mtaa wa Albert Park, kama mjinga, najidai mbele ya wenzangu: bwana yangu iko Amerika, lakini bado ananitumia nyimbo za mapenzi! Kihispania sikijui. Sauti ilikuwa tamu, ikanitosha.

Leo nilikuwa namsuka mama mmoja wa Angola. Kireno chake kinakaribiana na Kihispania, akasikia maneno. Akaniuliza kwa Kifaransa nani alinitumia. Nikamwambia.

"Huyu mwanaume anamuaga mke wake," akasema. "Anamwambia asimngojee tena."

Akasema mwimbaji huyo aliimba na mke wake miaka mingi, wawili kwenye maikrofoni moja. Huu ndio wimbo wake wa kwanza peke yake, na ndio uliompa jina. Hawajaimba tena pamoja.

Nikakosea kusuka, nikafumua mstari mzima.

Pengine bwana yangu, Baba Grâce, naye hajui maana. Lakini kiwandani kwake karibu wote wanaongea Kihispania, na mwenyewe aliniambia amekizoea. Eish, naogopa. Yeye ndiye anatuombea karatasi za kuingia Amerika, mimi na binti yetu Grâce, ili tumfuate.

Jioni nikamwandikia: wimbo wako nimeusikiliza vizuri leo. Yeye ambaye hukaa siku mbili bila kujibu, alijibu hapo hapo.

"Umeelewa sasa?"

Nikaandika: bado.