Sponji ya Bega la Kushoto

Buzuruga, Mwanza
10 Februari 1991

Dada Josepha,

Shikamoo. Huku hatujambo, Kokulinda anakula vizuri na shule ameizoea. Shemeji anaendeleaje na kifua chake?

Kuna jambo limeninyima raha wiki nzima. Nilipompima mwanao sare, bega la kulia lilikuwa juu ya la kushoto kwa vidole viwili. Nikadhani anasimama ovyo. Nikamwambia ainame kama anayeokota sindano, mgongo ukatuna upande mmoja tu. Hasikii maumivu yoyote. Mteja wangu mmoja, nesi, amemtazama akasema uti wa mgongo wa watoto wengine hupinda wanapoanza kurefuka. Si kwa kubeba ndoo wala kukaa vibaya. Kuna mkanda mgumu wa kuuzuia usizidi, ila unafaa kabla mtoto hajamaliza kukua. Kokulinda ana miaka kumi na miwili, muda upo. Nipe ruhusa nimpeleke kwa daktari wa mifupa.

Mdogo wako,
Paskazia

Muleba
3 Machi 1991

Paskazia,

Marahaba. Tu wazima, mvua zimeanza, shemeji yako anakohoa kama kawaida yake.

Hakuna kwenda kwa daktari. Akivishwa hayo machuma, nani atamwoa? Wifi zangu wananitafutia neno tangu niolewe, nawe unataka niwape kibyongo mkononi. Wewe ni fundi cherehani, si mganga. Bega likiwa chini, weka sponji. Upindo ukining'inia upande mmoja, upunguze. Na mwenyewe usimwambie. Mtoto asiyejua kasoro yake hutembea vizuri.

Huna mtoto, usijifunzie kwa wangu.

Dada yako

Buzuruga
19 Agosti 1992

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Sisi wazima.

Nimefanya ulivyoagiza. Sponji ya bega la kushoto sasa ni tabaka tatu. Mwaka huu amerefuka sana, na kila akirefuka mgongo unazidi. Kanisani wanamsifu anavyopendeza, wananiletea vitambaa niwashonee kama yeye. Naona aibu. Nakuomba tena ruhusa.

Mdogo wako,
Paskazia

Buzuruga
29 Januari 1995

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi za shamba. Barua yangu ya mwisho hukuijibu, nami sikuandika nyingine. Kosa hilo ni langu.

Siku hizi kila kitu ruksa, mitumba imejaa mpaka mlangoni kwangu na wateja hawaji tena. Wiki mbili zilizopita Kokulinda alirudi na blauzi ya mtumba, nguo yake ya kwanza huku ambayo sikuishona mimi. Akaivaa, akajitazama kiooni, akaivua akaniletea.

"Mama mdogo," akasema, "blauzi hii imekatwa vibaya. Nirekebishie."

Nilishika mkasi nikashindwa. Blauzi haikuwa na kosa lolote.

Nimempeleka bila ruhusa yako. Daktari amesema amekwisha kukua, mkanda haumsaidii tena. Umebaki upasuaji mkubwa ambao daktari huyo hawezi kuufanya. Pafu moja limeanza kubanwa, ndiyo maana akipanda kilima cha shule anahema. Daktari aliniuliza mbele ya mtoto tulikuwa wapi miaka minne.

Mdogo wako,
Paskazia

Muleba
12 Februari 1995

Paskazia,

Marahaba, kama ni lazima. Umemharibu mwanangu kwa mkasi wako. Nani alikuwa akimpima kila muhula, mimi au wewe? Mimi niko huku na migomba yangu. Ungekuwa mama ungempeleka siku ile ile bila kuniuliza.

Baba yake hajui lolote, na asijue. Barua yangu ya mwaka tisini na moja ichome. Mtoto abaki huko huko. Mwezi ujao wanakuja wageni kumposa binamu yake, sitaki aonekane.

Dada yako

Buzuruga
2 Machi 1995

Dada,

Shikamoo. Sina la kukudanganya kuhusu hali yangu, silali wala sili.

Uliyosema juu yangu ni kweli, nitakufa nayo. Lakini barua sikuichoma. Nilimpa Kokulinda, akaisoma mara mbili akiwa amesimama. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, mdogo wake Justa ana miaka mingapi sasa. Nikamwambia kumi na mmoja. Akataka nimwonyeshe yule nesi alivyomwinamisha kumtazama mgongo, nikamwonyesha.

Alhamisi ijayo anapanda meli kuja huko. Barua yako anayo yeye. Amesema atamwinamisha Justa sebuleni mbele ya baba yao, hata wageni wa posa wakiwapo, na amenituma nikuandikie usiondoke nyumbani siku atakayofika.

Mdogo wako,
Paskazia