Ofisi ya Mwalimu Karibu na Geti

Eldoret, Jumapili

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linasemaje na hizi mvua? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini.

Barua yako niliipata. Umesema mvua imeangusha simba yangu, nyumba yangu ya ujana hapo bomani, na mchumba wa mdogo wangu Ouma amechoka kungoja kwa sababu mdogo hajengi kabla ya kaka yake. Nilisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kununua misumari. Sikusikia uchungu wowote. Hilo ndilo linalonitisha kidogo.

Kazi niliyonayo ni ya Mwalimu Kiptoo. Watoto wake ni saba na hapati pahali pa kusahihishia mitihani, kwa hivyo alitaka ofisi ndogo bustanini, ya bei rahisi kabisa. Kuta ni mabanzi ya saipresi, yale yenye maganda ambayo wapasua mbao hutupa. Ndani nimebandika makatoni na magazeti kuzuia upepo. Meza ni mlango wa zamani juu ya masanduku mawili ya majani chai, na rafu ni kreti za soda. Ukiingia utadhani mwenyewe ni tajiri.

Aliniachia nichague pahali, akaenda kwao Moiben siku nne. Aliporudi alisimama akashika kiuno.

"Fundi, hii ofisi mbona umeweka hapa kwa geti kama ya askari? Si maua yote iko nyuma?"

Nikatazama. Mama, nilikuwa nimeijenga karibu na geti, upande wa mtoto wa kwanza, kama simba yangu ilivyokaa hapo nyumbani. Mikono ilipima yenyewe. Nikasikia aibu, kitu cha kwanza nilichosikia tangu barua yako.

"Nimekosea, Mwalimu."

"Wacha tu. Bora haivuji. Maua tutapanda ingine."

Naandika juu ya meza hiyo nione kama inayumba. Haiyumbi.

Nisalimie Nyanya, na shangazi Akinyi mshona nguo, na huyo mchumba wa Ouma. Mwambie asirudi kwao. Ouma naye akate nguzo na achimbe mashimo yote ya simba yangu, isipokuwa moja, la mwenye nyumba. Hilo nakuja kuchimba mwenyewe Jumamosi, rangi ya mlango wa ofisi ya Mwalimu ikauke isikauke.

Mwanao wa kwanza,
Okoth