Ndiyo Niliyoikataa

Baba Faustin, rafiki yangu,

Jumapili inakaribia, na sina mwingine wa kumweleza nilichofanya.

Mwezi mmoja baada ya kukuzika kule Mudende, mkeo alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Maneno yalimpotea, na yalipoanza kurudi, Kiswahili cha utoto wake wa Goma kilitangulia. Kinyarwanda bado kimejificha. Tena yalirudi yamebadilishana viti. Chai ikimuunguza anasema "baridi." Akitaka mlango ufungwe anasema "fungua." Unanijua: nikachukua chaki. Kila asubuhi tunakaa barazani kwenu na somo la vinyume. Neno peke yake halishiki, kwa hiyo namtia mkono kwenye beseni la maji ya moto, kisha la baridi, ndipo aseme. Siku moja alinicheka. "Mwalimu, we uko mutoto!" Alitaka kusema mzee.

Jumapili iliyopita ukoo ulikutana sebuleni kwako. Faustin anataka kumchukua mama yake akaishi naye Kigali. Kaka yako, Muzee Gaspari, akamuuliza mbele ya wote, "Mama Faustin, unakubali kwenda kwa mutoto wako?"

"Ndiyo," akajibu.

"Bon, basi," akasema Faustin. "Mumesikia."

Nikasimama. Nikawaeleza, kwa urefu, kama kawaida yangu, kwamba kwa mgonjwa wa namna hii "ndiyo" inaweza kuwa "hapana." Nikakiri kwamba maneno hayo mawili sijamfundisha. Niliyaona madogo mno, nikaanza na kubwa na ndogo, juu na chini, kama kitabuni.

Faustin akaniuliza, "Mwalimu, roho ya mama yangu we unaijua kunishinda mi?"

Nikamjibu vibaya. Nilisema anamhamisha mama yake kama gunia la viazi. Mbele ya shangazi zake, Baba Faustin! Aliinamisha kichwa, na shingo ile ilikuwa yako kabisa.

Muzee Gaspari akakata shauri: "Mumupatie wiki moja. Jumapili tutamuuliza tena."

Tangu Jumatatu tumefanya hayo mawili tu. Nashika jiwe, nauliza kama ni mkate. Anasema ndiyo, anajikasirikia, tunaanza upya. Jana alilia. Leo asubuhi hakukosea hata mara moja. Jiwe ni mkate? Hapana. Jiwe ni jiwe? Ndiyo. Basi nikauliza swali lenyewe.

"Unataka kubaki hapa?"

"Hapana."

Nikaligeuza swali, kama mwalimu anayewinda kosa. "Unataka kwenda kwa Faustin?"

"Ndiyo."

Nikamwambia amechoka, tupumzike. Akainuka, akaingia chumbani akiegemea ukuta. Akarudi akiburuta begi. Alikuwa amelipanga mwenyewe kwa mkono wa kushoto: vitenge vimekunjwa ovyo, viatu vimelaliana, na juu kabisa koti lako la kijivu. Begi lilikuwa limekaa pale chumbani siku ngapi, sikuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo ile ndiyo ya Jumapili ilikuwa ndiyo kweli.

Mimi ndiye niliyetaka abaki. Shuleni walishanisahau, wanangu wako mbali, na tangu uondoke baraza lile ndilo mahali pekee ambapo mtu ananingoja asubuhi. Haja yangu niliificha ndani ya somo, nikaiita huruma, na mwanao nikamwita asiye na huruma. Nimefundisha miaka mingi. Sijui ni wanafunzi wangapi niliowasahihisha namna hiyo, wakiwa wamepata.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi kwamba Jumapili nitasimama tena, safari hii kwa maneno machache, na kila aliyenisikia nikimtukana Faustin atanisikia nikimwomba msamaha. Akinikatalia, nitamwomba tena.

Ni mimi,
Mwalimu