Siku Chaji Ilipoisha

Baba Neema, popote treni ilipokushusha,

Mdogo wako alipita hapa jana. Kanisalimu vizuri, kanywa uji, ndipo akatoa ulichomtuma: eti umebadilika, unataka kurudi nyumbani kwako. Yeye sikumjibu, hana kosa. Nakujibu wewe, tena hadharani, wasome na wengine.

Unaikumbuka ile emipithrii yetu ya nyimbo? Nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni. Uliinunua kwa machinga pale stesheni ya Itigi, siku tulipomaliza kuuza asali kwa abiria. Nilikupenda wakati ule, sifichi. Tulikaa juu ya madumu matupu, hedifoni moja sikioni kwako, nyingine kwangu, nikarudia wimbo uleule mpaka ukacheka: "We mwanamke, utaumaliza huu!" Kwenye kibanda cha kuuza nyimbo tukaingiziwa kwaya zangu na dansi zako, zikachanganyika humo, tukaziacha hivyohivyo.

Kumbe ilikuwa na spika pia, na sauti yake ilizidi umbo. Siku ya kwanza kosa langu lilikuwa ugali kupoa. Ulifunga mlango, ukaiweka dirishani, ukafungulia mpaka mwisho. Nikadhani unataka tucheze. Kofi likanitoa kwenye kigoda. Baadaye ukaja mkanda, baadaye mpini wa jembe. Jino langu la mbele lilitoka kwaya ikiimba haleluya, na mpaka leo wimbo ule ukiimbwa kanisani ulimi unakwenda wenyewe penye pengo. Nilikuchukia, Baba Neema. Nilikuwa nakutazama unavyokula, kisha nalitazama shoka lako la kuchongea mizinga.

Kila mara nilipiga yowe. Huku kwetu yowe haliulizwi sababu: likisikika, mtu anaacha chungu jikoni anakimbia, na asiyetoka anatozwa mbuzi. Hawakuja. Nikaamini majirani wamenitupa. Halafu siku moja bombani Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akanitania: "Jamani nyie na muziki! Kila siku kwenu harusi?" Ndoo ikaniponyoka. Walikuwa hawanisikii.

Kuchaji ilikuwa kazi yangu. Asubuhi naipeleka dukani kwenye sola, jioni naifuata. Safari ile niliibeba kama kawaida, nikakaa nje ya duka nachambua mlenda, nikarudi nayo ilivyo, bila kuichaji. Kioo chake ulishakipasua kwenye kichwa changu, vile vistari vya chaji havikuonekana tena. Hata hivyo nilijua ungegundua ungeniua.

Ilizimika katikati ya wimbo. Mimi niko chini, mguu wako uko mbavuni. Ukaniacha, ukaichukua, ukaitikisa, ukaipigapiga kiganjani. Nikapiga yowe, na kwa mara ya kwanza nikalisikia mwenyewe. Mlango ulianguka. Mama Zuhura akawa wa kwanza kuingia, na mchi mkononi, nyuma yake wanaume na fimbo.

"Unaua mtoto wa watu na muziki juu?" alikuuliza, na mchi ukatua begani kwako kabla hujajibu.

Wakakuburuta uani. Nilisikia mfupa ukilia. Damu yako ilimwagika palepale nilipokuwa nafagia yangu. Huruma ilikuja, nikaikataa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Basi, basi, mtamuua!" Mimi sikusema basi. Ukapanda treni uso umevimba, jicho moja limefumba, na hakuna aliyekupungia mkono.

Sasa nisikilize. Hapa si kwako tena. Ukikanyaga uani nitapiga yowe, na safari hii wanajua ni la nani.

Emipithrii ninayo. Naichaji mwenyewe. Neema anaipenda, lakini namruhusu hedifoni moja tu, sikio la pili libaki wazi. Ananuna, kisha anazoea.

Nyuma yetu wamehamia watu wageni, mume na mke, bado vijana. Mchana mwingine wanafungulia muziki mpaka mabati yanatetemeka. Pengine wanacheza tu, Mungu awape heri. Lakini kila muziki wao ukianza naepua sufuria, nachukua kibakuli, nakwenda kupiga hodi niombe chumvi. Mke mwenyewe sharti atoke nimwone uso. Chumvi nyumbani kwangu imeshajaa makopo, Baba Neema, na bado naomba.

Aliyekuwa mke wako,
Mama Neema